Uzi: Nilihesabu mawimbi matano ya S&P 500 mwaka 2022, pesa ya karafuu ikazama. Nilikosea wapi?

FundiSimu_Wete

Assalaam aleikum wana jukwaa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka zake apite salama.

Mie fundi simu, kibanda changu kipo Wete. Soko la hisa la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu (wao wakiingia msimu wa baridi huwa saa kumi na moja na nusu), na wakati huo wateja wangu huwa wamepungua. Ndipo hukaa na chati. Mawimbi ya Elliott, ile njia ya kusoma chati kwa kuhesabu mapando na mashuko ya bei, nimeanza kuyasoma 2021, kwa video na kwa kundi moja la mtandaoni nililolilipia ada. Najua kwamba soko likifuata mwelekeo wake huenda kwa mawimbi matano, 1 mpaka 5, kisha hujirekebisha kwa matatu, A, B, C. Hayo hata mtoto wa skuli utamweleza akafahamu. Kazi ipo kwenye kuzipachika hizo lebo juu ya chati ambayo hakuna mwalimu aliyeipanga.

Mwaka 2022 nilipata fungu langu la karafuu za shamba la marehemu babu, laki tisa. Chati niliyokuwa nikiitazama ni ya S&P 500, kile kipimo cha kampuni kubwa 500 za Marekani. Desimali naziacha. Januari kilele kilikuwa 4,818. Likashuka mpaka 4,114 Februari, nikaandika 1. Likapanda 4,637 mwisho wa Machi, nikaandika 2. Likaporomoka 3,636 Juni, 3 hiyo. Agosti likapanda 4,325, nikaandika 4. Oktoba likashuka 3,491, nikaandika 5 na kuizungushia duara kwa furaha.

Matano kwenda chini, nilivyofunzwa, ni dalili kuwa mwelekeo mkubwa umegeuka. Soko litavuta pumzi kwa matatu kwenda juu, halafu litaanguka vibaya zaidi. Basi Disemba lilipogusa 4,100 na kuanza kurudi, nikauza kwenye 4,000 hivi. Kwa wasiojua, nilikuwa nabeti bei ishuke, na broka ananikopesha mara ishirini ya nilichoweka. Kabla ya mwaka mpya likawa 3,764. Faida ile nikaitangaza barazani, nikanunulia watu kahawa. Februari likafika 4,195 na akaunti ikasoma sifuri nukta kitu.

Kule kundini nikaambiwa "hesabu imebadilika". Picha ya zamani ikafutwa, ikawekwa nyengine yenye lebo mpya, kama vile ile ya kwanza haijapata kuwepo.

Nimekaa miaka bila kugusa kitu. Sasa nimeanza upya, bila pesa. Nachapisha chati kwenye karatasi pale steshenari, nafunika upande wa kulia kwa kadibodi la boksi la simu, nalisogeza wiki moja moja, mkononi penseli na raba. Nimeshafanya 2018, 2019, 2020, naendelea vizuri. Nikifika 2022 mkono wangu unaandika yale yale matano. Karatasi ya sita hii. Kosa silioni. Nisaidieni.

Mtu_wa_Vitongoji

Natandika mkeka hapa.

Haambiliki

Ramli hiyo, kaka. Babu yangu mie alikuwa akipiga bao kwa mchanga. Likienda kombo anasema nyota ya mteja imehama. Nyie mnasema hesabu imebadilika. Nielezwe tofauti.

MzeeWaPondo

Wa aleikum salaam, Fundi. Kosa nimeliona, lakini nikikutajia leo utalisahau kesho. Kwanza niandikie zile sharti tatu za mawimbi matano. Kwa maneno yako, usifungue video.

Haambiliki, swali lako ni zuri kuliko ulivyokusudia. Ngoja zamu yako.

FundiSimu_Wete

Ami, haya:

Moja, wimbi la 2 lisirudi likapita pale lilipoanzia la 1.
Mbili, wimbi la 3 liwe refu kuliko yote.
Tatu, wimbi la 4 lisirudi sana.

BintiMwani_Paje

Nimeingilia, samahani mzee wangu.

Kaka Fundi, la kwanza umelipata. La pili umeliongezea chumvi. Sharti halisemi la 3 liwe refu kuliko yote, linasema lisiwe *fupi* kuliko yote. Ukilinganisha 1, 3 na 5, la 3 laweza kuwa la kati na hesabu ikasimama. Mara nyingi ndilo hurefuka, lakini hiyo ni mara nyingi, si sharti.

La tatu ndilo lililokuuma. "Lisirudi sana" ni maneno ya mtu anayepika kwa kukisia. Sharti lina mpaka: wimbi la 4 lisiingie ndani ya eneo la bei la wimbi la 1. Sasa chukua hiyo karatasi yako ya sita. La 1 limeanza 4,818 likaishia 4,114. La 4 limepanda mpaka wapi?

FundiSimu_Wete

4,325.

FundiSimu_Wete

Ya Rabi.

BintiMwani_Paje

Pointi 211 ndani ya nyumba ya mtu.

Mtu_wa_Vitongoji

😂😂 nyumba ya mtu

FundiSimu_Wete

Lakini ngojeni. Kundini walitwambia kuna umbo linaitwa dayagono, na humo la 4 huruhusiwa kuingia eneo la 1. Si ndiyo itakuwa hii?

MzeeWaPondo

Nilijua utakwenda huko, kila mwanafunzi hukimbilia huko. Dayagono imekuwa kama "nilikuwa safarini" kwa mtu aliyekosa kurejesha mkopo.

Haya tuipime. Dayagono ni kabari: mistari miwili, mmoja unapita kwenye ncha za 1, 3 na 5, mwengine kwenye ncha za 2 na 4. Aina inayobana, la 3 huwa fupi kuliko la 1, na la 5 fupi kuliko la 3. Aina inayopanuka ni kinyume chake, kila moja hulizidi lililotangulia. Toa hesabu zako.

La 1: 4,818 kutoa 4,114, pointi 704.
La 3: 4,637 kutoa 3,636, pointi 1,001.
La 5: 4,325 kutoa 3,491, pointi 834.

Linakua, kisha linapungua. Haibani wala haipanuki. Si msukumo wa kawaida (matano yanayotii zile sharti tatu), si dayagono. Ni kusema kwamba matano yale hayakuwepo, Fundi. Uliona ncha tano ukazipa namba tano.

Na sasa linalouma zaidi. Hukuhitaji kungoja Februari 2023 upate kulijua hilo. Siku ile ya mwisho wa Julai 2022 bei ilipovuka 4,114 kwenda juu, hesabu yako ilikata roho. Oktoba uliipigia duara maiti. Disemba ukaipa laki tisa.

FundiSimu_Wete

Nimefunga kibanda kidogo nipate hewa.

MzeeWaPondo

Usione haya. Nitaeleza nilivyofunzwa na makosa yangu, maana mie nilikuwa karani wa mahesabu bandarini zaidi ya miaka ishirini, na haya mambo nimeyajia kupitia uhasibu. Hata mwenyewe Ralph Nelson Elliott alikuwa mhasibu. Mmarekani, kazaliwa 1871, kafanya kazi za kampuni za reli Meksiko na Amerika ya Kati, akaugua huko akarudi kwao hajiwezi. Katika kukaa nyumbani akachukua chati za soko za miaka 75, za mwaka, za mwezi, za wiki, mpaka za nusu saa, akazitazama kama mtu anayekagua daftari la hesabu akitafuta maandishi yanayojirudia. Machi 1935, soko likiwa linashuka, akampelekea telegramu Charles Collins, mtu wa jarida la masoko kule Detroit, kumwambia kuteremka kumefika mwisho. Likageuka. Mwaka 1938 Collins akamsaidia kutoa kitabu.

Nalisema hili kwa sababu moja: yule mtu alianza kwa daftari lililokwishafungwa. Alihesabu yaliyopita miaka mingi kabla ya kusema neno juu ya kesho. Wewe na kundi lako mlianza na kesho.

Sasa kazi yenyewe. Kuna sharti na kuna desturi, na makundi mengi huzichanganya makusudi. Sharti ni faradhi: zile tatu. Ukivunja moja hesabu imebatilika, huna pa kukata rufaa. Desturi ni sunna. Mfano, la 2 likirudi kwa kasi na kwa kina, la 4 aghalabu huenda pembeni likijivuta, na kinyume chake. Mfano mwengine, la 2 hupenda kurudi kama asilimia 62 ya la 1, na la 4 kama asilimia 38 ya la 3. Zile namba za Fibonacci, ndizo hizo 62 na 38, ziko huku kwenye sunna. Mtu akikwambia hesabu ni sahihi *kwa sababu* bei imegusa 61.8, mwambie kwanza akuoneshe faradhi.

Na hii ndiyo nitakayoifia. Kila lebo unayoiandika, andika pembeni yake bei ambayo ikiguswa lebo hiyo inakufa. Mie huiita bei ya kufia. Ukiandika 2, bei ya kufia ni pale lilipoanzia la 1. Ukiandika 4, bei ya kufia ni ncha ya la 1. Kwa kalamu, si penseli. Lebo ni ya penseli, bei ya kufia ni ya wino. Karatasi yako ya Agosti ingekuwa na "4" ya penseli na "4,114" ya wino, na bei ipo 4,325. Jicho lingekataa kuliruka hilo.

Haambiliki, jibu lako ndilo hili. Mpiga bao hakuandikii mapema kitu ambacho kikitokea yeye atakiri kashindwa. Anayeandika lebo bila bei ya kufia ni mpiga bao, hapo mie na wewe tuko pamoja.

Haambiliki

Hapo umenishika kidogo mzee. Kidogo. Lakini twende na wakubwa wa hii fani. Robert Prechter, yeye na mwenzake Frost walitoa kitabu 1978, miaka ya 1980 akasifiwa dunia nzima kwa kusema soko litapaa, na likapaa. Akaingia miaka ya 1990 akihubiri anguko kubwa. Soko likapanda mwaka hadi mwaka, yeye bado anahubiri. Ikiwa gwiji anakaa miaka kumi upande usio wake, fundi simu wa Wete afanye nini? Na watu wawili wenye chati moja mbona hutoka na hesabu mbili, zote hazivunji sharti?

MzeeWaPondo

Yote mawili ni kweli, sina la kukanusha. La Prechter linanifunza kitu kuhusu madaraja: ukiishi kwenye wimbi kubwa mno, la miongo, bei yako ya kufia inakuwa mbali mno na kosa lako halifi upesi. Hilo ndilo hatari ya kuhesabu vilele vya karne.

Na la hesabu mbili, ndiyo, mara nyingi kuna mbili, wakati mwengine tatu. Mie huziandika zote mbili, kila moja na bei yake ya kufia, kisha naangalia ipi itakufa kwanza. Zikiwa nne, naikunja karatasi. Chati hiyo haisemi kitu siku hiyo, na hakuna aliyenilazimisha niijibu.

BintiMwani_Paje

Hilo la madaraja niongeze kwa lugha ya pwani, maana ndilo lililonipa tabu mwanzo.

Watu wa masoko waliomtangulia Elliott, wale waliomfuata Charles Dow, waliufananisha mwendo wa bei na bahari: maji kujaa na kupwa ndio mwelekeo mkubwa, juu yake mawimbi, juu ya mawimbi viwimbi. Mie mama yangu analima mwani, nimekulia kwenye vigingi na kamba. Maji yakianza kujaa ukisimama huko mbali, wimbi moja linakufika magotini, linarudi, jengine linakufika mapajani. Mgeni akiona wimbi limerudi husema maji yanapwa. Anahesabu kiwimbi kwa daraja la maji. Kosa hilo hilo nilikuwa nikilifanya kwenye chati: nachukua kajiwimbi ka siku tatu naliita 2, pembeni yake wimbi la miezi minne naliita 3. Haviwezi kuwa ndugu. La 1, la 2 na la 3 za daraja moja lazima zikae kama watoto wa mama mmoja, urefu na muda vinafanana fanana.

Dawa yangu ilikuwa kuanza na chati ya mwezi mzima mzima, naweka lebo chache tu, halafu ndio nashuka wiki, halafu siku. Nikishuka naingia ndani ya wimbi moja na kuuliza swali moja: ndani yake mna tano au tatu? Wimbi la 1, 3 na 5 ndani yake mnatakiwa tano. La 2 na la 4 mna tatu, au umbo lililojengwa kwa matatu. Ukihesabu mzunguko mzima, tano za kupanda na tatu za kushuka ni nane. Ukiyafungua yale nane unapata 34. Ukiyafungua tena, 144. Hapo ndipo watu huzama, mie niliishia 34 nikarudi pwani.

Ila niseme na upande wa pili, mzee usinikasirikie. Mfano wa bahari unadanganya mahali pamoja. Sie tuna mwezi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, kila siku yakichelewa dakika kama hamsini, bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na mama anajua wiki mbili kabla siku gani atakwenda kufunga mbegu. Soko halina mwezi. Halina kitu huko juu kinacholivuta kwa saa. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "mawimbi ni sheria ya maumbile, soko halina budi", namwona hajapata kungoja maji.

MzeeWaPondo

Sijakasirika. Hata mie hilo la sheria ya maumbile sikuliamini. Kwangu ni maandishi ya umati: watu wakiingia tamaa, wakiingia woga, mkono wao huandika hivi. Wala mwandiko wa mtu haumlazimishi kuandika kesho.

Hisa_za_Nyumbani

Nimefuata uzi kimya. Mie nina hisa chache za CRDB nilizonunua Soko la Hisa la Dar es Salaam. Naweza kuweka hizo lebo kwenye chati ya CRDB? Maana kila mtu humu anazungumzia Marekani.

MzeeWaPondo

Unaweza kuandika. Swali ni kama utakuwa umeandika kitu.

Nimesema ni maandishi ya umati, basi panatakiwa umati. Soko la Dar lilianza biashara 1998 kwa hisa za kampuni ya TOL, ni soko changa, na kampuni zilizoorodheshwa ni chache. Zipo hisa pale ambazo bei hukaa pale pale siku nyingi kwa sababu hakuna aliyenunua wala aliyeuza. Chati yake ni mstari uliolala, kisha ngazi, kisha mstari. Mtu mmoja mwenye harusi akiuza fungu lake, chati inaonesha "wimbi". Huyo si umati, huyo ni bwana harusi.

CRDB na NMB huuzwa na kununuliwa zaidi ya nyengine, kwa hiyo kwa chati ya mwezi, ya miaka mingi, unaweza kuona maumbo. CRDB iliuzwa kwa umma 2009 kwa shilingi 150, unayo historia ya kutosha kufanyia mazoezi. Lakini usiteremke kwenye chati ya siku. Na ukiwa na hisa za nyumbani, gawio na mahesabu ya benki yatakwambia mengi kuliko lebo zangu.

Jambo moja la ufundi: bei ikiwa imeongezeka maradufu mara kadhaa, weka chati kwenye skeli ya logi, ambayo asilimia sawa huonekana kimo sawa. Kwenye skeli ya kawaida mawimbi ya zamani huonekana kama chunusi na ya karibuni kama milima, na utayapa madaraja tofauti bila sababu.

Abu_Barza

Mbona hakuna aliyeuliza halali na haramu? Kuuza usichokimiliki, kwa mkopo mara ishirini, na kulala na riba ya usiku. Mawimbi au bila mawimbi.

FundiSimu_Wete

Sheikh, nimeuliza tayari, baada ya kupata hasara, kama kawaida yetu. Nimeambiwa chati ni kuangalia tu, haina tabu. Ile akaunti ya mkopo siirudii. Nikirudi nitanunua hisa kwa pesa niliyo nayo mkononi, na kampuni nitakayoiulizia kwanza.

Abu_Barza

Allah akuzidishie.

FundiSimu_Wete

Nimerudi na karatasi ya saba. Nimekubali matano hayapo. Sasa ile 2022 niipe lebo gani? Nimejaribu A Juni, B Agosti, C Oktoba.

MzeeWaPondo

Karibu. Ila A, B, C ya zigizaga, umbo mojawapo la marekebisho, inataka A iwe na tano ndani. Yako, kutoka 4,818 mpaka 3,636, ndani mna ncha gani kubwa? Chini 4,114, juu 4,637, chini 3,636. Kwa chati ya wiki naona tatu. Mwengine atashuka kwenye siku akachimbua tano kwa nguvu, mie simo. Nimeiandika W mpaka Juni, X ya kupanda mpaka Agosti, Y mpaka Oktoba. Matatu mawili yaliyounganishwa na kiungo.

Na tazama kimo. Shimo la Machi 2020 lilikuwa 2,191. Toka hapo mpaka 4,818 ni pointi 2,627. Kushuka mpaka 3,491 ni pointi 1,327. Nusu, na chembe juu yake. Mwendo wa matatu uliorudisha nusu ya mpando uliotangulia: jina lake ni marekebisho. Na marekebisho yakiisha, mwelekeo wa kabla yake ndio huendelea. Januari 2024 soko lilifunga juu ya kilele kile cha zamani.

Sitaki kujifanya nililijua hilo Oktoba 2022. Nilikuwa na hesabu mbili kwenye karatasi, na moja ilisema litashuka tena. Ilikufa, nikaichana.

Sasa mtihani, halafu nakwenda zangu Magharibi. Funika karatasi. Kutoka 3,491 Oktoba 2022 likapanda 4,100 Disemba. Likashuka 3,764. Likapanda 4,195 Februari 2023. Likashuka 3,808 Machi. Kadibodi lako lipo hapo, Machi 2023, mbele huoni. Niwekee lebo, na wino.

Mtu_wa_Vitongoji

Rahisi, 1, 2, 3, 4, bado 5.

BintiMwani_Paje

Kaka wa Vitongoji, 3,808 ipo wapi ukilinganisha na 4,100?

Mtu_wa_Vitongoji

Aa. Nyumbani kwa mtu tena.

FundiSimu_Wete

Nimekaa nayo tangu jana usiku, umeme ulikatika nikamalizia kwa tochi ya simu ya mteja (Mungu anisamehe).

Hesabu ya kwanza. 4,100 naiita 1. 3,764 naiita 2, maana haijagusa 3,491. Halafu 4,195 siiti 3, kwa sababu 3,808 ikiwa ni 4 imeingia eneo la 1. Kwa hiyo nasema wimbi la 3 ndiyo kwanza linaanza, na ndani yake limeshapiga la kwanza dogo na la pili dogo. Nimeandika (i) kwenye 4,195 na (ii) kwenye 3,808. Bei ya kufia kwa wino: 3,764, pale ilipoanzia (i). Ikiwa hai, kinachofuata ni kiini cha la 3, kupanda kwa nguvu.

Hesabu ya pili. Yote haya ni matatu matatu ya kupanda ndani ya kushuka kukubwa zaidi. Kwa hii, bei ya kufia ni 4,818, kilele cha kuanzia.

Ya kwanza inafia karibu, ya pili inafia mbali sana. Kisha nikatoa kadibodi. Julai 2023 lilifika 4,607, na 3,764 haikuguswa. Ya pili ilikaa hai muda wote huo, ikafa Januari 2024 kilele kilipovukwa. Yaani ningeweza kukaa na ile maiti mwaka mzima mwengine, ami, na ingekuwa bado inapumua.

MzeeWaPondo

Hapo ndipo nilipotaka ufike. Alama tisa kwa kumi.

FundiSimu_Wete

Moja imekwenda wapi?

BintiMwani_Paje

Nijibu mie, mzee kaenda kuswali. Umeruka daraja. Lebo zina ngazi zake: 1 ya ndani ya mabano, chini yake 1 kavu, chini yake i ya ndani ya duara, na chini ya hiyo ndiyo (i) ya mabano. Wewe umetoka 1 kavu ukaangukia (i) ya mabano. Ukiendelea hivyo, mwezi ujao hutajua mtoto ni yupi na mjukuu ni yupi. Futa mabano, weka duara.

FundiSimu_Wete

Raba imekwisha. Kesho asubuhi nanunua nyengine.